Yamal waliacha kuchanja

Wafugaji ninaowachanjia ng'ombe huku Longido hucheka nikiwaambia kimeta kimewahi kuteketeza mifugo kwenye nchi ya barafu. Kimeteketeza. Julai 2016, katika rasi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa Urusi, joto lilipanda hadi nyuzi 35, na zaidi ya kulungu wa kaskazini 2,000 wanaofugwa na Wanenet, wenyeji wa huko, wakafa. Mtoto wa miaka 12 akafa pia.

Tundra ya huko haina miti mirefu. Kuna nyasi, mierebi mifupi, na likeni za kijivu ambazo kulungu huzifukua kwa kwato chini ya theluji. Kiangazi huyeyuka udongo wa juu tu. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima. Ukitaka kufukia mzoga, jembe linagota barafu mapema mno. Kwa hiyo mizoga ya zamani ilibaki karibu na juu, na vimelea vya kimeta vikishajifunga kwenye ganda lao hukaa udongoni miaka mingi kuliko umri wa mfugaji. Kiangazi kile ardhi ikayeyuka kupita kawaida.

Habari nyingi ziliishia hapo: mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyoua. Sikubali ziishie hapo. Kulungu wa Yamal walikuwa wakichanjwa mpaka 2007, chanjo ikasimamishwa kwa kuwa ugonjwa haukuwa umeonekana tangu 1941. Joto lile hakuna ofisa wa Yamal ambaye angelizuia. Sindano ilikuwa ndani ya uwezo wao. Na Wanenet hula nyama mbichi na, kama Wamaasai, hunywa damu ya mnyama ingali ya moto (si ushamba, ndicho chakula cha nchi ile), basi ugonjwa wa zizini hauchelewi kufika nyumbani.

Maneno ya Yamal nayasikia hata hapa: "Daktari, kimeta hatujakiona siku nyingi, hela hiyo tununue dawa ya kupe." Mzee wangu, nunua vyote viwili. Na ng'ombe akifa ghafla, mwili haukakamai, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma, usimchune wala usiwape mbwa. Niite, hata usiku.

Yamal wamerudi kuchanja.