Msambamba Ukatwe, Usikunjwe
Yafaa mwanachuo ajihadhari na desturi ya kuwakunjisha watoto karatasi ya msambamba juu ya mshazari wake. Vipande viwili havitalaliana, isipokuwa pande zote nne zikiwa sawa. Hapo macho ya mtoto hukanusha maneno ya mwalimu, naye, kwa bahati mbaya, huamini maneno. Heri mkasi. Akate juu ya mshazari, kisha azungushe pembetatu moja nusu mzunguko: sasa zinalaliana barabara, na pembe zinazokabiliana zaonekana kuwa sawa. Pembe ya nyuzi 70 ina jirani ya nyuzi 110. Ama mishazari miwili, hukatana katikati bila ya lazima ya kulingana urefu. Mstatili, tuupendao mno ubaoni, ndio uwadanganyao watoto kwamba hulingana daima.