Baada ya miaka 60: uzito wa mwili na nguvu za miguu

Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati Uganda ilipokuwa imefunga shughuli nyingi kutokana na janga la virusi vya corona, Rais Yoweri Museveni alionekana katika mkanda wa video akikimbia peku ndani ya ofisi yake, kisha akainama sakafuni na kupiga pushapu 30. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 75. Lengo lake lilikuwa kuwashawishi raia wafanye mazoezi majumbani badala ya kukusanyika barabarani.

Wapo waliomsifu, wapo waliocheka, na hawakukosekana waliosema kwamba mkanda ule ulikuwa siasa tupu. Hata hivyo, uliibua swali ambalo Afrika Mashariki haijazoea kujiuliza hadharani: je, mtu aliyevuka miaka 60 anapaswa kuufanyia nini mwili wake?

Swali hilo linazidi kuwa zito. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini Tanzania watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wapo takriban milioni 2.7. Kwa idadi ya vijana walioko katika nchi hizo, wazee wangali wachache. Lakini wanaongezeka, na wengi wao wataishi miaka mingi baada ya kukabidhi funguo za ofisi.

Umri wa miaka 60 wenyewe una maana ya pekee katika eneo hili. Ndio umri ambao watumishi wengi wa umma nchini Tanzania na Uganda hulazimika kustaafu. Kenya nayo iliupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Kwa hiyo, katika mwezi mmoja mtu huacha kuamka alfajiri, huacha kukimbilia daladala au matatu, huacha kupanda ngazi za ofisi, na huanza kukaa.

Mabadiliko ya mwilini

Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakilaumu umri wa miaka 40 kuwa ndio unaoleta kitambi, kwa madai kwamba mwili huanza kuchoma chakula polepole. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima matumizi ya nishati ya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi watu wa miaka 95. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya umri wa miaka 20 na 60. Ni baada ya 60 ndipo yanapoanza kushuka, kwa kiasi cha asilimia 0.7 hivi kila mwaka.

Maana yake ni kwamba aliyestaafu akiendelea kula sahani ile ile ya wali aliyokuwa akila kazini, sehemu ya sahani hiyo haitakuwa na kazi mwilini. Itahifadhiwa, na mara nyingi huhifadhiwa tumboni.

Lakini mafuta ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni misuli. Misuli huanza kupungua taratibu tangu utu uzima, na upungufu huo huongeza kasi baada ya miaka 60, hasa kwa mtu asiyeitumia. Mtu anaweza kubaki na kilo zile zile 75 kwa miaka kumi, ilhali ndani yake mafuta yameongezeka na misuli imepungua. Mizani haitamwambia hivyo. Atakayemwambia ni mlango wa basi, siku atakaposhindwa kuupanda bila kushikwa mkono.

Mizani haisemi yote

Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa kupunguza uzito unapohitaji kutazamwa upya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, ambao ulijumlisha tafiti 32 za watu karibu 200,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, uligundua kwamba wazee wenye unene wa wastani hawakuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wale waliokuwa na uzito unaohesabiwa kuwa wa kawaida. Waliokuwa wembamba mno ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Matokeo hayo si ruhusa ya kunenepa ovyo. Unene uliokithiri huchangia kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti, na tumbo kubwa ni dalili mbaya katika umri wowote. Kinachojitokeza ni kwamba kwa mzee, kupunguza kilo kwa njaa peke yake kunaweza kumwondolea kile anachokihitaji zaidi.

Jaribio moja lililofanywa Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, linafafanua jambo hilo vizuri. Watu 107 wanene, wote wenye miaka 65 au zaidi, waligawanywa katika makundi kwa muda wa mwaka mmoja. Kundi la kwanza lilipunguza chakula tu, la pili lilifanya mazoezi tu, la tatu lilifanya yote mawili, na la nne halikubadilisha kitu. Waliopunguza chakula walipoteza takriban asilimia 10 ya uzito wao. Waliofanya mazoezi peke yake hawakupungua. Lakini waliounganisha yote mawili walipoteza karibu uzito sawa na wale wa chakula, walibakiza misuli mingi zaidi, na ndio waliokuwa na maendeleo makubwa zaidi katika kutembea, kupanda ngazi na kuinuka.

Funzo lake ni wazi. Chakula ndicho kinachopunguza kilo, mazoezi ndiyo yanayolinda miguu, na mzee anahitaji vyote viwili.

"Mzee apumzike"

Tatizo ni kwamba ushauri huo unapingana na heshima kama inavyoeleweka katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mzee anayebeba ndoo huwatia aibu wanawe. Bibi anayefagia uwanja hunyang'anywa ufagio. Mtoto aliye London, Muscat au Minneapolis hutuma fedha kila mwezi ili mama awekewe msichana wa kazi, anunuliwe televisheni kubwa, na aletewe maji mpaka chumbani. Yote hayo hufanywa kwa mapenzi ya kweli. Na mara nyingi mapenzi hayo ndiyo yanayomkalisha mzee kitini mpaka magoti yakasahau kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza familia, kukonda kulikuwa ndiyo alama ya msiba. Nchini Uganda ugonjwa wenyewe ulifahamika kwa jina la "Slim", yaani wembamba. Watu waliokuwa vijana wakati huo, waliowazika ndugu na majirani, ndio wazee wa leo. Si ajabu basi kwamba mzee anayepungua kilo tano kwa hiari yake huulizwa na majirani kama anaumwa, na kwamba kitambi kingali kikitazamwa kuwa dalili ya neema. Msemo wa mitaani wa kwamba mwili haujengwi kwa matofali bado una nguvu kuliko mabango ya wizara ya afya.

Hata hivyo, si sahihi kuwaweka wazee wote katika kapu moja. Bibi wa kijijini anayelima kwa jembe la mkono, anayechota maji na kulea wajukuu walioachwa yatima, hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anahitaji chakula chenye protini, matibabu ya macho na mgongo, na siku ya kupumzika. Unene wa uzeeni katika eneo hili ni tatizo la mijini zaidi, na la familia zenye mtu wa kuzitumia fedha. Sera inayosahau tofauti hiyo itamhubiria mwenye njaa apunguze kula.

Katika hilo, Tanzania ina kielelezo chake yenyewe. Watafiti walioishi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1980 waliona kuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi walitumia saa nyingi zaidi kuchimba mizizi na kutafuta chakula kuliko wanawake vijana. Mizizi hiyo iliwalisha wajukuu. Bibi hakuwa mzigo wa kubebwa na ukoo, bali alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiubeba.

Serikali zinahesabu nini?

Umoja wa Mataifa umeutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya. Serikali za Afrika Mashariki nazo hazijakaa kimya. Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa wote waliofikisha miaka 70 mwezi Aprili 2016, na Kenya ikafuata na mpango kama huo mwaka 2018. Jiji la Kigali lilianzisha mwaka 2016 siku ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia.

Mipango hiyo inastahili pongezi, lakini ina kasoro moja. Fedha za pensheni huhesabiwa, na idadi ya wazee waliotibiwa huhesabiwa. Nguvu za miguu yao hazihesabiwi. Mzee anayeambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku hutoka hospitali na kukuta njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na pikipiki na mitaro isiyo na mifuniko. Kwake yeye, kujikwaa ni jambo la hatari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio wengi zaidi ni wale waliovuka miaka 60.

Kwa Waswahili walioko nje, vikwazo ni vya namna nyingine. Katika Ghuba, joto la kiangazi huwafungia watu ndani kwa miezi kadhaa, na wengi hulazimika kutembea ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi. Nchini Uingereza na Marekani ya kaskazini, giza la saa kumi jioni na barafu ya mlangoni humfanya mzee aliyekuja kuwafuata wanawe aishi kati ya kitanda na jiko.

Wako pia wanaoweka matumaini katika dawa mpya za kupunguza uzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, waliotumia dawa ya semaglutide walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Ni mafanikio makubwa. Lakini sehemu ya kilo hizo hutokana na misuli, na kwa mtu wa miaka 70 hasara hiyo si ndogo. Dawa hizo zinahitaji uangalizi wa daktari, si sindano iliyonunuliwa kwa siri kupitia simu.

Bado mapema

Habari njema ni kwamba misuli haina umri wa kustaafu. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa wakazi kumi wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

WHO inapendekeza watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kati kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka, mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya kusimama imara siku tatu. Hakuna linalohitaji ukumbi wa kulipia. Chupa mbili za maji ni vyuma vya kutosha kwa anayeanza, na kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukigusa ukuta ni zoezi kamili. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu aonane kwanza na daktari wake.

Mezani, kinachopaswa kupungua ni sukari ya chai, soda, maandazi na kilima cha ugali. Kisichopaswa kupungua ni maharage, choroko, dagaa, mayai na maziwa. Wataalamu wengi wanashauri mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa wenye maradhi ya figo, ambao hupewa kipimo chao.

Upo pia mtihani ambao kila familia inaweza kuufanya sebuleni. Mzee huketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara nyingi awezavyo katika sekunde 30. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 14, au mwanamke asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani. Kwa wenye miaka 80 hadi 84, viwango ni 10 na 9.

Anayepiga simu nyumbani kutoka ughaibuni kila Ijumaa huuliza kama fedha zimefika na kama dawa zipo. Pengine wakati umefika wa kuongeza swali la tatu: mama amesimama mara ngapi leo bila kushikwa mkono?