Vuli ya Nani?

Kila Oktoba, kikundi chetu kinapotoka kutazama ndege wahamiaji, karatasi ya matembezi huandikwa «uhamaji wa vuli». Vuli ya nani? Mbayuwayu huondoka Ulaya majani yakipukutika; sisi hapa Lubumbashi tunangoja mvua, na vuli ya watu wa pwani ndiyo mvua yenyewe. Kamusi imelibebesha neno moja majira mawili.

Tena, tukimwona mbayuwayu tunaandika «hirondelle», keremkerem «guêpier», na mama anayelima kando ya njia ana majina yao kwa Kibemba. Hatumuulizi! Kuhesabu ndege bila kukusanya majina ni kazi ya kitivo kingine. Matembezi yajayo, kila mwenye darubini aandamane na mwenye daftari, na mama yule asalimiwe kwanza, kisha aulizwe.