Buhongwa inataka hesabu ya magari kabla ya muhuri, siyo baada ya ajali

Makamanda, kuna jibu moja ambalo watu wa chama tawala wamelizoea. Ukilalamika kuhusu foleni ya Buhongwa wanakwambia eti foleni ni dalili ya maendeleo, miji yote mikubwa duniani ina foleni. Hilo jibu mimi silikubali hata kidogo. Foleni ya Buhongwa ni hesabu ambayo kuna mtu alitakiwa kuifanya mezani kabla ya kutoa kibali, na sasa tunaifanya sisi kwa miguu, kwa nauli na kwa kuchelewa kazini.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Buhongwa ni kata ya Nyamagana iliyoko kwenye barabara kuu ya kwenda Shinyanga, baada ya Nyegezi na Mkolani, kabla hujafika Usagara. Ukiingia Mwanza kutokea kusini, huna namna, utapita kwetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana. Sensa ya 2022 ikahesabu 594,834. Yaani miaka kumi, watu zaidi ya laki mbili na thelathini elfu wameongezeka kwenye wilaya moja, na katikati ya jiji kote ni mawe na milima, hakuna pa kujenga. Watu wanasogea pembeni: Buhongwa, Lwanhima, Kishiri. Kilichokuwa shamba la mihogo jana leo ni viwanja vyenye bikoni, kesho ni fremu za maduka, kituo cha mafuta, shule yenye mabasi, godauni la saruji.

Halafu tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa. Mimi daraja nalipenda, nisieleweke vibaya. Mgonjwa aliyekuwa anasubiri kivuko pale Kigongo sasa anavuka kwa dakika chache. Lakini gari la Geita au Kagera linaloingia mjini Mwanza likitoka darajani linafika Usagara, na kutoka Usagara linakuja kwetu. Ongeza malori ya taka, maana dampo la jiji nalo liko Buhongwa. Na barabara ya Buhongwa–Igoma inayawezesha magari kuzunguka bila kupita katikati ya mji, jambo zuri, ila makutano yake na barabara kuu yako wapi? Hapahapa kwetu.

Sasa hebu tuulize swali la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inasema tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza na kabla haujapewa fedha. Kabla. Mipango ya kuendeleza ardhi na makazi imo kwenye orodha ya mambo yanayoguswa na sheria hiyo. Na mazingira siyo miti na samaki tu, jamani. Vumbi analolimeza mama lishe ni mazingira. Honi ya semi saa tisa usiku ni mazingira. Mtoto wa darasa la pili anayevuka lami mara mbili kwa siku bila kivuko cha watembea kwa miguu, hayo ni mazingira kuliko ripoti nzima.

Ujanja uko hapa. Kila mradi unapimwa peke yake. Mwenye kituo cha mafuta anasema magari yangu ni machache, hayana athari kubwa. Mwenye fremu anasema hivyohivyo. Mwenye shule hivyohivyo, mwenye godauni hivyohivyo. Kila mmoja anasema kweli! Ila wote wanamwaga magari kwenye lami moja ile ile. Nani amejumlisha? Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 ziligawa miradi katika makundi manne: ya lazima, ya mpakani, isiyo ya lazima na maalumu. Mradi mdogo unapita njia ya mkato, na sina ugomvi na hilo kwa mtu anayejenga banda la kuku. Ugomvi wangu ni kwamba miradi midogo hamsini kwenye kilomita mbili za barabara ni mradi mmoja mkubwa, hata kama una wenye mali hamsini.

Na hata wakikubali kuhesabu, tuwe macho wanahesabu nini. Mhandisi aliyezoea mambo ya zamani atahesabu gari linasubiri sekunde ngapi kwenye makutano. Akiona linasubiri sana, dawa yake ni moja, panua barabara. Wamarekani wa California, wenye magari mengi kuliko sisi, wameishaona ubovu wa kipimo hicho. Walipitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia Julai 2020 mradi wa ujenzi kule haupimwi tena kwa ucheleweshaji wa magari. Unapimwa kwa umbali ambao utawafanya watu waendeshe. Ukijenga nyumba mbali na kila kitu, umeongeza safari, na hilo ndilo linaloandikwa kama athari.

Sisi tungehitaji kipimo chetu, maana Buhongwa wengi hatuna hilo gari lenyewe. Tunatembea, tunapanda haisi, bodaboda, bajaji, tunasukuma guta. Mtu akija na mashine ya kuhesabu magari tu, sisi hatumo kwenye ripoti. Halafu ripoti inatoka, barabara inapanuliwa, na mama muuza dagaa anaambiwa yeye ndiye kikwazo cha usafiri. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani nchi nzima, wakaambiwa wanazuia njia. Mwekezaji aliyejenga jengo lisilo na maegesho, wateja wake wakajaza bega la barabara, huyo hajawahi kuambiwa anazuia njia.

Na alama ya X je? Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipeleka hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Wapo waliojenga kihalali nje ya mstari wa zamani, wakajikuta ndani ya mstari mpya. Kwa hiyo gharama ya foleni inalipwa na mtu ambaye hakuileta. Aliyeileta ameshapata hati, ameshauza viwanja, ameshaondoka.

Watasema wananchi walishirikishwa. Niliwahi kwenda ofisi moja kuomba kusoma ripoti ya mradi unaojengwa mtaani. Nikaambiwa ile ni mali ya mwekezaji, kwanza wewe ni nani? Nilisimama pale nikiwa na Kanuni za mwaka 2005 kwenye simu, zinazotaka ripoti iambatane na muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Muhtasari huo umeandikwa ili usomwe na nani, kama siyo na mimi? Anayeitwa kusaini kwa niaba yetu ni mwenyekiti wa mtaa. Na wenyeviti mnawajua walivyopatikana Novemba 2024, chama kimoja kikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya viti baada ya wagombea wetu kuenguliwa kwa makosa ya fomu. Huyo atamuuliza nini mwekezaji?

Kuna wenzetu waliokataa. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walifungua kesi mwaka 1988 dhidi ya halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wa Mtongani nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, na mahakama ikaona kwamba kumwaga taka kwenye makazi kunagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Hapo sheria ya mazingira ya 2004 haikuwepo. Leo ipo, na kifungu cha 5 kinampa mtu yeyote nafasi ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi, salama na yenye afya.

Kwa hiyo vijana wa kata hii tunaanza na karatasi. Kila mtaa waandike barua moja kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa ofisi ya NEMC Kanda ya Ziwa, waombe orodha ya miradi yote iliyopewa kibali kandokando ya barabara kuu kuanzia Mkolani mpaka mpaka wa Misungwi, na muhtasari wa Kiswahili wa kila uliofanyiwa tathmini. Mchukue muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakati tunasubiri majibu, tutahesabu wenyewe: vijana wawili wawili kwenye makutano ya Igoma, saa 12 asubuhi mpaka saa 2, siku tano mfululizo, mmoja anahesabu magari na mwingine anahesabu watu wanaovuka kwa miguu. Daftari mje nalo, kalamu tutagawa.