Jua Litangulie, Gridi Ifuate
Mwenye paneli za sola Ushongo, wilayani Pangani, asisite kuchaji betri kwa umeme wa TANESCO. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu huweza kutanda siku kadhaa, na betri ya asidi ikikaa bila chaji, sahani zake hushika salfeti na uhai wake hufupika. Wapo wanaosema huko ni kulipia LUKU ilhali jua ni la bure, tena sehemu ya umeme hupotea njiani. Ni kweli, ndiyo maana inveta ipangwe itangulize jua, gridi iingie tu betri inaposhuka. Uniti chache ni nafuu kuliko betri mpya, na umeme ukikatika usiku, friji ya samaki haizimi. Akiba haiozi.