Wimbi Halichaguliwi kwa Macho

Wapo wanaodai kuwa kujaribu mawimbi mafupi ya kuzungushwa moja moja kwenye sampla ni kupoteza muda na nafasi: yatazame kwenye kompyuta, chagua umbo zuri, umemaliza.

Nafasi gani? Sampla ya OP-1, chombo cha kampuni ya Teenage Engineering ya Stockholm kilichotoka 2011, inabeba sekunde 6 za sauti. Mzunguko mmoja wa sampuli 100, kwa kasi ya sampuli 44,100 kila sekunde, haufiki hata sehemu ya mia nne ya sekunde moja. Tuendelee.

Hilo la macho ndilo kichekesho. Chukua wimbi, acha nguvu za harmoniki zake kama zilivyo, sogeza fezi tu. Kwenye skrini litakuwa kitu kingine kabisa. Sikioni, tofauti ni ndogo mno. Sasa geuza: mwisho wa mzunguko ukikosa kukutana na mwanzo kwa upenyo mdogo, jicho linapita bila kujali. Kumbe kasoro hiyo inajirudia mara 441 kila sekunde, na unapata mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Umbo zuri hilo!

Na bado hujapanda oktava. Wimbi tamu chini laweza kukwaruza vibaya juu, na mchoro hautakuonya. OP-1 yenyewe inachora wimbi, tena kwa madaha, lakini walioiunda waliiwekea na vitufe vya kupiga. Anayeona taabu kuvibonyeza achapishe mawimbi yake, ayatie fremu.