Kufundishwa Lugha na Kufundishwa kwa Lugha

Kila itajwapo habari ya lugha ya kufundishia katika shule zetu za sekondari, orodha moja huletwa mbele yetu kama shahidi asiyekataliwa. Ni orodha ya lugha zinazosomwa na wageni wengi kuliko nyingine zote duniani. Juu kabisa kimewekwa Kiingereza; nyuma yake, kwa mpango unaobadilika kwa kadiri ya mwenye kuhesabu, hufuata Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina na Kijapani. Wenye kuileta orodha hiyo husema: maadamu dunia nzima inasoma Kiingereza, sisi ni nani hata tukiondoe katika kufundisha hisabati, fizikia na historia? Mimi nasema kwamba shahidi huyo hakusikilizwa vizuri. Akisikilizwa mpaka mwisho, atawapinga wale wale waliomwita.

Walio wengi katika hesabu ya orodha hiyo ni watu wanaojifunza lugha ya wengine, huku elimu yao iliyobaki wakiipata kwa lugha waijuayo. Mtoto wa Tokyo hujifunza Kiingereza kwa miaka mingi, lakini kemia huisoma kwa Kijapani. Mholanzi husifiwa kwa ufasaha wake wa Kiingereza, na hisabati kwa kawaida aliisoma kwa Kiholanzi. Katika nchi hizo Kiingereza ni somo: kina saa zake, vitabu vyake, na mwalimu aliyefunzwa namna ya kumfundisha mtu asiyekijua. Kwetu kimevikwa vazi jingine. Kwa jina huitwa lugha ya kufundishia. Kwa kweli ni lugha ya kigeni ambayo mwanafunzi hutakiwa awe ameijua kabla hajafundishwa ikamkaa.

Tulitazame bonde la Kilombero, kwa kuwa huko mambo haya mawili yanaonekana pamoja. Wandamba, Wapogoro na Wambunga ni wenyeji wa zamani. Wahehe na Wabena wapo. Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai wamefika baadaye na ng'ombe wao. Na mashamba ya miwa ya Kidatu yamevuta wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Lugha inayowakutanisha hawa wote katika soko la Ifakara, hospitalini, stesheni na katika majaruba ya mpunga ni Kiswahili.

Wageni wa mbali nao waliikuta lugha hiyo wakaisoma. Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walifika Tanganyika mwaka 1921, na kazi yao ikaenea hata Ifakara. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, alianzisha hapo maabara ya Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, ambayo jina lake linajulikana popote malaria inapochunguzwa. Mgeni aliyetaka kufanya kazi vijijini hakuwa na budi kujifunza Kiswahili, wala si kwa ajili ya adabu peke yake. Wachunguzi wa malaria katika nchi yetu walitambua kwamba ugonjwa wa degedege, unaomtetemesha mtoto mwenye homa kali, wazazi wengi hawakuuhesabu kuwa ni malaria, na kwa hiyo waliutafutia tiba mahali pengine. Daktari asiyejua neno hilo angeweza kukaa na dawa mkononi, na mtoto asiletwe kwake. Na vyandarua vyenye dawa vilipoenezwa Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, viliuzwa kwa jina ambalo kila bibi wa kijijini alilielewa: Zuia Mbu.

Sasa tazama tofauti. Mgeni yule wa Basel alisoma udaktari kwa lugha ya kwao, kisha akajifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni. Alianza kwa salamu, akaingia katika ngeli, akakosea, akasahihishwa. Hapana aliyemfundisha mwendo wa damu mwilini kwa Kiswahili ili apate kujua Kiswahili. Jambo hilo lingekuwa kichekesho. Lakini kichekesho hicho ndicho kanuni kwa mtoto aingiaye kidato cha kwanza katika shule ya serikali Ifakara, Mlimba au Mang'ula. Elimu ya msingi ameipata kwa Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa somo moja kati ya mengi. Akivuka mlango wa sekondari, biolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka lugha. Hukariri habari za mbu anofelesi kwa maneno asiyoyaelewa, naye amezaliwa katika bonde ambalo wataalamu wa dunia huja kujifunza habari za mbu huyo. Akianguka mtihani, huambiwa ameanguka biolojia. Huenda hakuanguka biolojia. Huenda hakulielewa swali.

Katika bonde hilo hilo imepita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Vyuo vya Beijing vilikuwa vimekwisha kuanza kusomesha Kiswahili katika miaka ya 1960, kikiwa somo la lugha ya kigeni. Lakini wahandisi wa China walio wengi hawakusomea ufundi wao kwa Kiingereza. Madaraja na mahandaki yaliyopo kati ya Mlimba na Makambako yamesimama hadi leo.

Wapinzani wetu wana hoja tatu. Ya kwanza husema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yakiachwa rafuni bila kutumiwa, kosa si la lugha.

Ya pili husema Kiingereza kitapotea. Lakini kiko wapi sasa? Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu wakakuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi walio wengi hakikutosha kusomea. Ajabu ni kwamba walishauri kiendelee kutumika. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, serikali haikukubali. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaufungua tena mlango huo, lakini hadi leo hatujauvuka.

Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba kwa mtoto wa Kindamba au wa Kisukuma Kiswahili nacho ni cha kujifunza. Ni kweli, wala si vyema kuificha. Lakini Kiswahili hukisikia njiani, sokoni na uwanjani kila siku. Kiingereza hukisikia darasani tu, tena kwa mwalimu ambaye mara nyingi hulazimika kurudi katika Kiswahili ili aeleweke. Kujifunza lugha inayoishi pembeni yako si sawa na kujifunza lugha ya mbali.

Wapo pia wakubwa wanaoutetea utaratibu huu hadharani, na watoto wao wako katika shule za kulipia zilizowazoeza Kiingereza tangu utotoni. Hao wanatetea ngazi ambayo wao wamekwisha kuipanda.

Basi orodha ile ikubaliwe kwa maana yake. Kiingereza kifundishwe kama lugha ya kigeni: kiongezewe saa, kipewe walimu waliofunzwa kazi hiyo na vitabu vinavyoanzia pale alipo mtoto. Masomo mengine yafundishwe kwa Kiswahili. Nasi tulio vyuoni tusijivune kwamba UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa siku ya Kiswahili duniani, wala kwamba Kiswahili kinasomwa Leipzig, Osaka na Napoli, ikiwa hatujaandika kitabu cha fizikia ambacho kijana wa Mlimba anaweza kukisoma peke yake akakielewa. Kazi hiyo haingoji amri ya serikali.